Deraya ya Siku Saba

Mbacha ni mkeka uliozeeka, uliokatika kingo na kuchakaa katikati kwa kupigiwa magoti. Msala nao ni mkeka wa kusalia, mzuri, wa kutandikwa mbele za watu. Wahenga walituonya tusiutupe mbacha wetu kwa kuuona msala wa mpita njia, kwa kuwa mpita njia ataukunja msala wake aende nao, nasi tutabaki na sakafu. Onyo hilo kila mtu analijua. Watoto hulikariri shuleni, wakubwa hutajiana vikaoni, na bado kila kukicha yupo mtu anayeutupa mkeka wake dirishani huku akitabasamu. Mmoja wao alikuwa binti mshonaji, na msala uliompita machoni ulikuwa wa dhahabu.

Binti huyo alifanya kazi katika karakana ya kushona sare. Kazi yake ilikuwa kola na mifuko: kola za wauguzi, mifuko ya makuli wa maghala, kutwa nzima mguu kwenye pedali ya cherehani na pini mdomoni. Alikuwa na mikono myepesi kuliko wote mle ndani, na ulimi mwepesi zaidi. Alipotoka kazini hakwenda kupunga upepo na wenzake. Alikwenda moja kwa moja nyumbani, akanawa uso, akaingia chumba cha uani alimokaa mjomba wake, na hapo wawili hao wakavaa deraya na kwenda vitani.

Vita vyenyewe vilikuwa vya kwenye skrini, lakini ungemsikia mjomba akipiga kelele usingeamini.

Mjomba alikuwa amechomea vyuma kwa miaka thelathini. Mageti, madirisha, ngazi za nje, vitanda vya mabweni. Nusu ya mtaa ililala salama kwa kazi ya mikono yake. Ujana wake wote alifanya kazi bila miwani, maana siku hizo fundi aliyevaa miwani alichekwa kuwa anaogopa cheche. Moto ukamlipa. Jicho la kushoto lilianza kuingia ukungu, la kulia likafuata, hata siku moja akachomea bawaba za geti upande usio wake. Mwenye geti alimwangalia tu. Siku hiyo mjomba alizima mashine, akazungusha waya wake vizuri, na hakuiwasha tena. Dada yake, ambaye ndiye mama wa binti, akampa chumba cha uani.

Miezi ya mwanzo alikaa kitandani akigonga vitu kwa ukucha. Aligonga bomba, akagonga kitasa, akagonga mguu wa kitanda, na kila kimoja alikitambua kwa mlio: hiki chuma cha pua, hiki bati, hiki kimechakachuliwa. "Watu wamenidanganya," alizoea kusema, "mbao zimenidanganya, chuma bado."

Binti ndiye aliyemletea mashine ya mchezo, akaunganisha nyaya kwenye televisheni ya zamani. Mjomba alicheka. "Mtu mzima na mvi zangu nicheze na watoto?" Wiki haikuisha akawa ndiye anayemngoja mlangoni. "Umechelewa," alikuwa akimwambia. "Maadui wamelala, wameamka, wamelala tena."

Mchezo ulikuwa wa mapambano ya kale, wapiganaji wawili dhidi ya wawili ndani ya ngome ya mawe, kwa panga, mashoka na ngao. Kabla ya kila pambano mchezaji huchagua vazi. Anayependa uzito huvaa deraya ya chuma kuanzia utosini hadi vidoleni. Inamkinga, lakini inampunguzia pumzi, akianguka kuinuka ni kazi, na kila hatua yake hulia kama kabati la masufuria. Anayependa wepesi huvaa ngozi. Mapigo mawili ya shoka yanatosha kummaliza, ila anaruka, anajipinda, anapita mgongoni mwa mtu kabla hajageuka, na hatua zake ni kishindo kidogo cha soli laini tu. Na upanga wa mchezo ule haukujua udugu: ukimgonga mwenzako, anaumia sawasawa na adui.

Karibu wachezaji wote walichagua chuma, kwa kuwa mtu akivaa chuma hujiona mwanamume, hata kama ni mwanamke. Binti alichagua ngozi. Kwa miaka mitatu aliitunza ngozi ile. Kila ushindi ulimpa kipande kidogo, bega hapa, soli pale, mshono mara mbili kifuani, na hakuna duka lililouza vazi kama lile. Lilipatikana kwa kulishonea jasho. Wachezaji wengine wakamwita Kitambaa, kwa dharau. Mjomba, aliyevaa chuma na kusimama mahali pamoja bila kutikisika, wakamwita Nanga.

Hawakujua kwa nini Nanga hakutikisika. Alisimama kimya ili chuma chake mwenyewe kisilie. Macho yake hayakuweza tena kutenganisha mtu na ukuta kwenye ile skrini. Aliona vivuli vikisogea, basi. Lakini hedifoni zilimletea kila mlio, wa kulia kwa kulia, wa kushoto kwa kushoto, na masikio yake yalikuwa yamefanya kazi na chuma miaka thelathini. Hivyo mjomba na mpwa wakatunga sheria yao. Binti azunguke na ngozi yake akiwachokoza maadui mpaka wasogee. Mjomba asikilize. Kinacholia chuma, piga. Kisicholia, ni Kitambaa, mwache apite. Ikitokea adui mwenye ngozi, jambo adimu, huyo alikuwa wa binti peke yake.

Sheria hiyo haikuwaangusha. Siri nayo ilikaa baina yao wawili, hata mama hakuijua vizuri. Mara nyingine mjomba alimkata adui kwa pigo moja, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo alikuwa mrefu au mfupi?" Na binti alicheka hadi pedi ya kuchezea ikamtoka mkononi.

Barabarani, kati ya duka la rangi na bucha, palikuwa na ukumbi wa michezo. Kila mwaka ukumbi ule uliandaa mashindano ya wawili wawili, na mwenye ukumbi, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kupigia mbiu, aliandika majina ya mabingwa kwa mkono wake kwenye ubao mweusi ukutani, rangi nyeupe, kila herufi kubwa kama kiganja. Mwaka uliotangulia Nanga na Kitambaa walifika nusu fainali. Hapo walikutana na mapacha wa bucha, ndugu wawili waliokata nyama mchana na watu jioni, na shoka la pacha mkubwa lilimlaza binti kwa mapigo mawili. Mjomba alibaki peke yake, akapigana muda mrefu, akaanguka. Kwa mwaka mzima binti alikumbuka mapigo yale mawili.

Na mwaka huu haukuwa kama mwingine. Daktari wa macho alikuwa amemwambia mjomba ukweli bila kuuzungushia maneno: kabla mwaka haujaisha atakuwa anatambua mchana na giza, zaidi ya hapo hakuna. Mjomba aliporudi kutoka kliniki hakugusa pedi siku mbili. Siku ya tatu alimwita mpwa wake.

"Nimefanya kazi mtaa huu wote," alisema, "na hakuna mahali jina langu limeandikwa. Fundi haandiki jina kwenye geti la mtu. Lile jina walilonipa la Nanga nimelizoea. Nataka liandikwe pale ubaoni, na nataka nilisome mwenyewe. Herufi zile ni kubwa, nikisogea karibu nitaziona. Mwakani sitaziona."

"Utazisoma, mjomba," alisema binti. Alimaanisha kila neno, na hilo ndilo linalouma.

Jumapili kabla ya mashindano binti alikwenda ukumbini kuandikisha majina yao. Mapacha walikuwa pale, wamejimwaga kwenye viti.

"Kitambaa," alisema pacha mkubwa, "mwaka jana nilikupasua mara mbili. Mwaka huu nitakukunja nikutie mfukoni."

"Mwambie ashone mfuko mapema," alisema mdogo. "Si ndiyo kazi yake?"

Watu wakacheka. Shoka lile lilikuwa bado likimuuma binti. Akaketi kwenye mashine moja ili aonekane ana shughuli, akafungua mchezo, na hapo akakutana na mtego wake.

Mchezo ulikuwa umetoa zawadi ya msimu kwa wachezaji wa muda mrefu: Deraya ya Mfalme, chuma kilichopakwa dhahabu, kizito kuliko chote, kisichopasuliwa na shoka la mtu yeyote. Mpiganaji alizunguka taratibu kwenye skrini akimeremeta, na ukumbi mzima ukasogea kutazama. Hata mapacha walisimama. Pacha mdogo akapiga mluzi. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu watu wale walimtazama Kitambaa kwa wivu, na wivu wa watu ni mtamu, hasa kwa aliyezoea dharau yao.

"Soma maandishi ya chini kwanza, mwanangu," alisema mwenye ukumbi, aliyekuwa amesimama nyuma yake na glasi ya maji mkononi. "Vitu hivi vina maandishi ya chini."

Aliyasoma. Yalisema deraya itadumu siku saba. Yalisema pia kwamba ili kuipata lazima atoe vazi alilonalo, na vazi hilo litayeyushwa wala halitarudishwa. Unakubali? Binti alihesabu siku. Mashindano yalikuwa Jumamosi, siku ya sita. Akajiambia kwamba ngozi inashonwa upya, lakini jina la mjomba ubaoni haliwezi kungoja. Maneno mazuri. Kila anayetupa mbacha wake huwa na maneno mazuri. Alimkumbuka mjomba pale pale, kidole kikiwa juu ya kibonyezo, akakumbuka sheria yao ya kusikiliza, na akasema moyoni kwamba hilo atalipatia dawa nyumbani. Akabonyeza.

Dawa yenyewe ilikuwa maneno. Alimweleza mjomba jioni ile, akipamba kila kitu.

"Kwa hiyo na wewe utalia chuma," alisema mjomba.

"Ndiyo, lakini nitakuita. Kila nikisogea nitasema, niko kulia, niko kushoto, napita nyuma. Utajua nilipo kuliko zamani."

"Ukisahau?"

"Sitasahau."

Mjomba alizungusha pedi mikononi mwake. "Mwanangu, sikatai kwa ubishi. Mtu mwenye macho akikosea kusikia, anaangalia. Mimi nikikosea kusikia sina pa kuangalia. Lile vazi la ngozi lipo?"

Binti aliona aibu kusema alilitoa bila kumuuliza. Aliona mjomba atanuna, nao wana siku sita tu za kujiandaa. "Lipo," alisema.

"Basi tujaribu. Likitushinda tutarudi kwenye ngozi yetu. Wewe ndiye mwenye macho, wewe ndiye wa kuamua."

Walijaribu siku tano, na kwa kweli walishinda. Chumba cha uani kilikuwa kimya. Binti aliita, mjomba akasikia. Shoka liliteleza kwenye dhahabu, naye binti akacheka kwa kiburi kipya. Mara mbili mjomba alimgonga kwa bahati mbaya, na mara zote mbili akashtuka na kuomba radhi kama mtu aliyemkanyaga mgeni. "Hakuna neno, mjomba, chuma hiki hakipasuki," alimwambia, wala hakujiuliza kwa nini mikono ya mzee ilikuwa imeanza kusita.

Jumamosi alasiri ukumbi ulifurika. Mama mtu alikuja na khanga mpya, akaketi mstari wa mbele, hajui panga wala ngao, ila anajua kaka yake na mwanawe wako pale. Raundi ya kwanza watu walikuwa bado wanaingia. Binti aliita vizuri na wakashinda. Raundi ya pili kelele zilianza. Watu walishangilia, wakapiga meza, na kelele zote hizo ziliingia katika kinasa sauti cha binti na kwenda kumwagika masikioni mwa mjomba. Walishinda, lakini mjomba alipovua hedifoni shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Hapa sikusikii," alimnong'oneza. "Nasikia vyuma vitatu vinatembea na sijui kipi ni wewe. Rudisha ngozi. Kishindo chako cha ngozi nitakisikia hata mbingu zikianguka."

Muda wa kusema ukweli ulikuwa huo. Zilikuwa zimebaki dakika kumi kabla ya fainali, na mapacha walikuwa wakikung'uta vidole upande wa pili. Binti alitazama chini.

"Muda hautoshi kubadilisha," alisema. "Nitaita kwa nguvu."

Mjomba aligeuza uso upande wa binti, akamtazama alipodhani ndipo macho yake yalipo. "Haya," alisema.

Fainali ilianza vizuri. Binti aliita kila hatua hadi sauti ikakwaruza. Pacha mkubwa alimshambulia kwa shoka lake, mara mbili, mara tatu, na dhahabu ikahimili. Ukumbi ukapiga mayowe. Binti alimrudisha pacha huyo nyuma mpaka ukutani. Kisha akaona kwa pembeni pacha mdogo amegeuka mgongo, amefungua ubavu wake wote, hatua kumi tu kutoka pale. Pigo moja lingemaliza kazi. Njia ya kumfikia ilipita nyuma ya Nanga, upande wa kushoto, na binti akakimbia. Alikimbia kwa uzito wote wa chuma kile, macho kwenye ule ubavu, akiona tayari herufi nyeupe ubaoni, na hakuita.

Mjomba alisikia chuma kikija mbio nyuma yake. Sheria aliijua. Aligeuka na kupiga kwa nguvu zake zote.

Kwa ngozi binti angejipinda akapita. Kwa dhahabu alianguka chali, na mwenye deraya nzito akianguka kuinuka ni kazi, na akiwa amelala hata dhahabu haizuii upanga kupenya kwenye maungio. "Ni mimi, mjomba, ni mimi," alisema, lakini ukumbi wote ulikuwa umesimama ukipiga kelele. Mjomba alisikia chuma kikigaragara miguuni pake. Alikipiga tena, na tena, kama fundi anayemaliza kazi aliyoianza, mpaka kikatulia.

Maandishi mekundu yakajaa kwenye skrini: Kitambaa ameuawa na Nanga. Kila mtu aliyasoma isipokuwa mmoja.

"Nimempata," alisema mjomba kwa furaha. "Nimempata mmoja, amelala. Wewe uko upande gani?"

Binti aliyatazama yale maandishi mekundu.

"Uko upande gani, mwanangu? Niite."

Kicheko kilianzia nyuma ya ukumbi kikaja mbele. Mjomba aliendelea kugeuza kichwa huku na huku akingoja kuitwa, na alikuwa bado akingoja mapacha walipomfikia wote wawili pamoja. Haikuchukua muda.

Mwenye ukumbi alichukua kipaza sauti. Hakuwa na ubaya. Alizoea kutania washindwa ili wasilie. "Nanga, mzee wangu," alisema, "mwenzako unamchinja hadharani? Kwani humwoni, na anang'aa hivyo?"

Watu walicheka tena. Mjomba alivua hedifoni, akaelewa. Siri aliyoilinda miaka mitatu aliitoa yeye mwenyewe mbele ya mtaa wote aliouchomea mageti.

"Simwoni," alisema. "Macho yangu yamekwisha. Nimekosea, mnisamehe. Mtoto alicheza vizuri, mimi ndiye niliyemwangusha."

Kicheko kilikatika. Mama mtu alijifunika mdomo kwa khanga. Na binti, aliyejua neno moja ambalo lingemwondolea mzee mzigo ule, alikaa na pedi mapajani, amefunga mdomo. Baadaye alijitetea kwamba alipigwa na butwaa. Utetezi huo hata yeye haukumtosha.

Walirudi nyumbani kwa miguu, mama akiwa mbele, mjomba ameshika kiwiko cha mpwa wake. Walipofika kwenye geti la kwanza alilolichomea ujanani, binti alisimama akaanza kulia, akamwambia yote: kwamba ngozi haikuwapo tangu Jumapili, kwamba aliitoa bila kumuuliza, kwamba alimdanganya mara mbili, na kwamba kwenye fainali hakuita.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. Hakuachia kiwiko.

"Ungeniambia tu," alisema. "Ungeniambia ngozi haipo, ningekaa na ngao nisipige kabisa. Ningekuwa ukuta wako, upanga ukawa wako peke yako. Tungeshindwa au tungeshinda, lakini nisingekupiga." Akavuta pumzi. "Nilidhani ninayo njia ya kurudi, ndiyo maana nilithubutu."

Binti alitamani amgombeze. Kugombezwa kungekuwa nafuu.

Kesho yake jioni, siku ya saba, aliwasha mashine. Dhahabu ilikuwa imeondoka, kama ilivyoahidi. Mpiganaji wake alisimama katikati ya ngome na shati la kitani, lile wanalopewa wachezaji wa siku ya kwanza, mikono imening'inia. Alimwita mjomba waanze upya pamoja, kipande kwa kipande.

"Cheza wewe, mimi nitasikiliza," alisema mjomba kutoka kitandani.

"Njoo ushike, mjomba. Sitavaa chuma tena."

"Najua. Ni mikono yangu inayokataa. Nikishika tu, naogopa kukupiga." Alinyoosha ukucha akagonga mguu wa kitanda, akasikiliza, kisha akagonga tena kana kwamba hakuridhika na jibu. Hakuishika pedi ile siku hiyo, wala siku nyingine yoyote.

Mwaka ulipokaribia kwisha, mjomba aliomba kupelekwa ukumbini asubuhi, wakati hakuna watu. Binti alimshika mkono, akamvusha barabara, akamsimamisha mbele ya ubao, karibu hata pumzi yake ikagusa rangi. Mlango ulikuwa wazi na mwanga ulikuwa mwingi. Mjomba aliinamisha kichwa kulia, akakiinamisha kushoto, akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena, safari hii kando kidogo.

"Naona weupe," alisema. "Ni herufi?"

"Hapo ni ukuta, mjomba. Ubao uko huku." Akamgeuza taratibu.

Alisimama pale muda mrefu. Kisha akasema, "Nisomee wewe."

Mdomo wa binti ulijaa uongo mtamu. Hakuna ambaye angejua. Ukumbi ulikuwa mtupu, na mzee angelala na furaha hadi kaburini. Lakini alikwisha kumdanganya mara mbili, na aliona bei yake. Akasoma kilichoandikwa.

"Mapacha wa Bucha."

"Na chini yake?"

"Chini yake hakuna kitu."

Mjomba alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu, kama mtu aliyeelekezwa njia na mgeni. Akatafuta kiwiko cha mpwa wake, akakikosa mara ya kwanza, akakipata. Wakatoka. Vazi la ngozi lingeweza kushonwa tena kwa miaka mitatu mingine, na binti alikwisha kulianza. Masikio yaliyokuwa yakimtambua kati ya vyuma vyote vya dunia hayakuwa na duka wala cherehani. Ndivyo alivyojifunza, akiwa amechelewa, kile ambacho kila mtoto hukikariri shuleni: usiache mbachao kwa msala upitao.